Unampikia Hamira: Bia ya Nyumbani kwa Sufuria Moja

Mara yangu ya kwanza nilipika lita 20, kwa sababu karibu maelezo yote niliyoyasoma yalikuwa ya kipimo hicho. Sufuria ilikaa jikoni zaidi ya saa nzima kabla haijaanza kuchemka. Kuipoza kulinipeleka hadi usiku wa manane, na usingizi uliponizidi nikamimina hamira kwenye maji ambayo bado yalikuwa na uvuguvugu wa kuogea. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa na chupa karibu 40 za kitu kilichonukia dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nilizimwaga moja moja kwenye sinki.

Mara ya pili nilipika lita 4.5. Mapishi yalikuwa yaleyale, nimeyagawanya tu, na safari hii ilitoka bia. Haikuwa ya kushangaza mtu, lakini ilikuwa bia. Kilichobadilika ni kwamba sufuria ndogo niliweza kuipoza kwa nusu saa, na mtungi mdogo niliweza kuutafutia kona yenye joto linalofaa. Hapo ndipo nilipoelewa ninafanya nini hasa: bia nilikuwa siipiki mimi. Nilikuwa nampikia mgeni, na mgeni mwenyewe ni hamira.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu haingoji siku ya tatu. Hushika jembe usiku uleule anaofika. Kazi ya mwenyeji ni kumwandalia chakula anachoweza kula, kuhakikisha wadoezi hawajatangulia mezani, kumpa chumba chenye joto linalomfaa, kisha kumwacha afanye kazi bila kumchungulia kila saa. Ukiutazama upishi wa bia kwa jicho hilo, mambo mengi yanayoonekana kama kanuni zisizo na sababu huanza kuwa na maana.

Kwanza, neno kuhusu kipimo. Lita 4.5 hutoa chupa 8 au 9 za nusu lita. Kuna watakaosema huo ni uchovu wa bure, kwa kuwa lita 20 huchukua muda usiozidi sana. Ni kweli kwa aliyekwisha kujua. Kwa anayeanza, sufuria ndogo huenea jiko la kawaida, huinuliwa kwa mikono miwili bila kuumiza mgongo, na ikiharibika hasara yake inavumilika. Muhimu zaidi, utapika mara nne kwa viungo ambavyo mwenzako amepikia mara moja, na hapo ndipo ujuzi unapotoka.

Lakini kidogo nacho kina ukorofi wake. Kosa la gramu 2 za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, halionekani kwenye lita 20. Kwenye lita 4.5 linasikika ulimini. Sufuria ndogo ikichemka saa moja inaweza kupoteza lita moja na nusu kwa mvuke, yaani robo nzima ya kilichomo. Mtungi mdogo hupata joto na kupoa haraka chumba kinapobadilika. Kwa hiyo nunua mizani inayosoma gramu moja moja au chini ya hapo, na uchonge alama kwenye mwiko wa mti: mimina lita 4.5 za maji sufuriani, simamisha mwiko, weka alama. Ongeza hadi lita 6, weka nyingine. Mwiko huo utakusaidia kuliko vifaa vingi vya bei kubwa. Vinavyobaki ni sufuria ya lita 10, mfuko wa kitambaa chenye matundu madogo unaoenea ndani yake, kipimajoto, mtungi wa kioo au ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 6 au zaidi, kizibo cha kupumulia, mpira wa kuhamishia bia, na chupa.

Chakula cha mgeni

Punje ya shayiri ni ghala la wanga, na hamira haiwezi kula wanga. Inakula sukari. Upishi wote wa mwanzo ni jinsi ya kugeuza kimoja kiwe kingine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo tayari imefanywa na mtengeneza kimea. Yeye huloweka punje, huziacha zianze kuchipua, kisha huzikausha kwa hewa ya moto kabla mche haujala ghala lake. Katika kuchipua, punje hujitengenezea vimeng'enya vya kuvunjia wanga, ili mche upate chakula. Ukaushaji husimamisha kila kitu. Vimeng'enya hulala humo vikavu, vikingoja maji ya moto.

Viwili ndivyo vinavyotuhusu. Uchukulie wanga kama mti wenye matawi mengi. Kimeng'enya cha beta-amilesi huchuma majani mawili mawili kutoka nchani, polepole, na kila jozi ni sukari ambayo hamira huila yote. Cha alfa-amilesi huja na panga na kukata matawi popote, na kuacha vipande vikubwa na vidogo. Baadhi ya vipande hivyo hamira haiviwezi. Beta hupenda nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi na hufa upesi joto likizidi. Alfa hufurahia karibu na nyuzi 70. Kwa hiyo ukiloweka kimea kwenye nyuzi 64, unapata bia nyepesi, kavu, yenye kilevi zaidi kidogo. Ukienda nyuzi 69, inabaki na uzito na utamu mdomoni. Nyuzi 66 au 67 huwapa wote wawili nafasi, na ndipo anayeanza anapopaswa kukaa bila kujitesa.

Kwa vitendo: kilo 1 ya kimea cha shayiri cha rangi nyeupe, kilichoparazwa. Kimea hakitakiwi kusagwa kuwa unga. Punje ipasuke vipande vitatu vinne na ganda lake libaki, maana unga mtupu huganda kama ugali na kukataa kuchujika. Pasha lita 7 za maji hadi nyuzi 70, zima moto, tandaza mfuko ndani ya sufuria, mimina kimea taratibu huku ukikoroga ili pasiwe na mabonge. Kimea baridi kitayashusha maji hadi karibu nyuzi 67. Funika, fungia sufuria blanketi zito, na uiache saa moja. Baada ya hapo onja. Maji yaliyoingia bila ladha yametoka matamu kama asali iliyozimuliwa, na hakuna aliyetia sukari. Hata sasa, baada ya sufuria nyingi, hiyo ndiyo dakika ninayoipenda kuliko zote.

Inua mfuko, uache uchuruzike, ukamue kidogo. Machicha yanayobaki yana nyuzinyuzi na protini, na kuku huyafurahia.

Kuna njia ya mkato, nayo si ya aibu. Wapo wanaouza shira ya kimea, na pia shira hiyo ikiwa imekaushwa kuwa unga. Gramu 550 hivi za unga huo ukizikoroga kwenye maji hutoa nguvu ileile ya kilo moja ya punje, na saa nzima ya kuloweka unaikwepa. Ushauri wangu ni kutumia shira kwa sufuria ya kwanza tu, ili akili yote iende kwenye kupoza na usafi, kisha uhamie kwenye punje. Anayebaki kwenye shira milele ananunua maamuzi ya mtu mwingine.

Kuhusu maji yenyewe nitasema moja tu. Kama yanakunywika na ni matamu, yanafaa, isipokuwa yawe na klorini. Klorini ikikutana na viambata fulani vya kimea na hamira hutengeneza harufu ya plasta ya kidonda, na harufu hiyo haitoki kamwe. Chemsha maji siku moja kabla au yaache wazi usiku kucha. Pale ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuchemsha hakutoshi. Hapo chembe chache za metabisalfaiti ya potasiamu, unga wanaoutumia watengeneza divai, huimaliza mara moja.

Uchungu, na sufuria isiyofunikwa

Maji matamu ya kimea sasa yanawekwa jikoni yachemke saa moja. Yanapokaribia kuchemka huinua povu zito la protini, na ukigeuza shingo yatamwagikia jiko na kuungua kama sukari inavyoungua. Simama hapo. Povu likishatulia, ndipo unatia hopsi za kwanza.

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, na ndani yake mna utomvu wa manjano wenye asidi za alfa. Zikiwa mbichi, asidi hizo haziyeyuki vizuri wala hazichungui sana. Joto la kuchemka huzigeuza umbo, na umbo hilo jipya ndilo uchungu wa bia. Mabadiliko hayo huchukua muda, ndiyo maana hopsi za uchungu huchemka dakika 60. Lakini utomvu huohuo una mafuta ya harufu, yanayopeperuka na mvuke ndani ya dakika chache. Basi hopsi hutiwa mara mbili: gramu 8 mwanzoni kwa ajili ya uchungu, kama pakiti inaonyesha asidi za alfa asilimia 6, na gramu 5 zikiwa zimebaki dakika 5 kwa ajili ya harufu. Pakiti ikisema asilimia 12, gramu 8 zinakuwa 4. Asiyesoma namba hiyo hupika bia inayokunja uso.

Usifunike. Kimea kina kiambata ambacho kikipashwa moto hutoa harufu ya kabichi au mahindi ya kuchemsha, na harufu hiyo hutoka na mvuke. Ukiweka mfuniko, inadondoka tena ndani.

Moto unapozimwa

Hapa ndipo upishi unapogawanyika. Kabla ya moto kuzimwa, uchafu hauna nguvu juu yako. Mwiko uliodondoka chini, nywele, nzi aliyetumbukia, vyote vimechemka pamoja na vimelea vyao. Baada ya moto kuzimwa, umebaki na lita 4.5 za supu tamu, vuguvugu, isiyo na mwenyewe. Bakteria na hamira za porini ziko hewani, kwenye vidole, kwenye mpira uliosuuzwa haraka. Wadoezi hawa hawabishi hodi. Anayefika wa kwanza kwa wingi ndiye anayemiliki sufuria, na kazi yako ni kuhakikisha huyo ni hamira uliyoialika.

Kwa hiyo haraka na usafi. Weka sufuria, ikiwa sasa imefunikwa, kwenye sinki au beseni la maji ya barafu. Zungusha, badilisha maji yakishapata moto, ongeza barafu. Lita 4.5 hushuka hadi nyuzi 20 kwa dakika 20 au 30. Lita 20 kwa njia hii zingekuweka macho, kama zilivyoniweka mimi.

Wengi huchanganya kusafisha na kutakasa. Kusafisha ni kuondoa kinachoonekana: masalia, mafuta, ukoko. Kutakasa ni kuua kisichoonekana, na hakuwezekani juu ya kitu kichafu, kwa sababu vimelea hujificha chini ya ukoko. Osha kwa sabuni isiyo na manukato, suuza, kisha takasa kila kitu kitakachogusa bia kuanzia sasa: mtungi, kizibo, mpira, kipimajoto, hata mkasi wa kukatia pakiti ya hamira. Dawa zinazotengenezwa kwa ajili ya wapika bia, nyingi za asidi ya fosforiki au za ayodini, hazihitaji kusuuzwa zikichanganywa kwa kipimo chake. Dawa ya klorini ya kufulia nayo huua vimelea, lakini lazima isuuzwe vizuri kwa maji yaliyochemshwa, na isikutanishwe kamwe na siki wala asidi yoyote, maana hutoa gesi ya sumu. Ndoo ya plastiki yenye mikwaruzo itupe. Hakuna dawa inayofika ndani ya mkwaruzo.

Mgeni anaingia

Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliamuru bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi. Mfanyakazi mkuu hakutajwa, na wakati huo hakuna aliyejua kwamba ni kiumbe hai. Ilibidi kusubiri karne ya 19, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akafaulu kukuza hamira safi kutoka kwenye seli moja. Pakiti unayoinunua leo inatokana na kazi hiyo.

Nunua hamira kavu ya bia. Ya mkate itachachusha, lakini haituami vizuri na huacha ladha ya unga ulioumuka. Pakiti ya kawaida ina gramu 11 hivi na imekusudiwa lita 20 au zaidi. Kwa sufuria yetu gramu 3 hadi 5 zatosha. Kabla ya kuinyunyiza, mimina maji ya kimea mtungini kutoka juu kidogo ili yapige na kuvuta hewa, kisha tikisa mtungi. Hapo ndipo pekee oksijeni inapotakiwa: hamira huitumia kujenga utando wa seli zake kabla ya kuanza kuzaliana.

Sasa joto la chumba, jambo lililoniangusha na linalowaangusha wengi. Hamira za kundi la eli, bia zinazochachuka kwenye joto la wastani, hupenda kati ya nyuzi 18 na 22. Zile za laga, bia zinazochachuka kwenye baridi, hufanya kazi kwenye nyuzi 8 hadi 13 na hudai friji ya peke yake, ziache kwanza. Hamira ikichachuka kwenye joto la juu hufanya kazi kwa pupa na kutapika kila aina ya kitu: harufu ya ndizi mbivu kupita kiasi, ya matunda yaliyooza, ya dawa ya kucha, na vilevi vizito vinavyochoma koo. Halafu kuna mtego: kuchachuka kwenyewe hutoa joto. Chumba kikiwa nyuzi 22, ndani ya mtungi mnaweza kuwa na nyuzi 25. Bandika kipimajoto kwenye mtungi, si ukutani. Mtungi uliosimama ndani ya beseni la maji, umevishwa taulo lililolowana, hushuka nyuzi kadhaa; chupa ya maji yaliyoganda ikibadilishwa asubuhi na jioni hushusha zaidi. Siku tatu za mwanzo ndizo za kulinda kwa nguvu zote, maana karibu ladha zote za hamira huamuliwa hapo.

Anayeishi kwenye joto asibishane nalo. Achague hamira kwa kutazama chumba chake kwanza, aina ya bia anayoitamani ifuate. Kuna hamira za mashambani za Norway, zinazoitwa kveik, ambazo hufanya kazi kwenye nyuzi 30 hadi karibu 40 na bado hutoa bia safi. Zingekuwepo mkononi mwangu siku ile ya kwanza, sinki lingenusurika.

Kizibo cha kupumulia kina maji kidogo yanayoruhusu gesi itoke bila kuruhusu hewa iingie. Usikose kukiweka, na usifunge mtungi kabisa, kwa sababu kaboni dioksaidi inayotoka ina nguvu ya kupasua kioo. Ndani ya saa 12 hadi 24 utaona povu la rangi ya krimu likipanda. Siku ya nne au ya tano kelele hupungua na mtu huanza kuwashwa na mikono. Mwache mgeni. Baada ya kumaliza sukari, hamira hurudi kufagia uchafu wake, ikiwemo ladha ya siagi iliyoiacha njiani. Wiki mbili ni kipimo kizuri. Viputo vya kizibo si saa: kinaweza kunyamaza kwa sababu mfuniko unavuja, na kinaweza kupumua kwa sababu tu chumba kimepata joto.

Kipimo cha kuaminika ni haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea juu zaidi sukari inapokuwa nyingi. Maji safi husoma 1.000. Kwa kilo moja ya kimea kwenye lita 4.5 utaanza karibu na 1.047 na kumaliza karibu na 1.011. Toa, zidisha tofauti kwa 131, unapata asilimia 4.7 ya kilevi. Kila kipimo kinakula glasi nzima ya bia yako chache, kwa hiyo pima mwanzo, pima mwisho, na pima tena siku tatu baadaye. Namba zikilingana, imekwisha. Ulichochota kinywe, usikirudishe mtungini.

Hofu moja hurudi kila ninapoongea jambo hili: je, si rahisi kujitia upofu? Wanaopofuka wamekunywa methanoli, kwa kawaida katika pombe kali iliyochakachuliwa kwa kutiwa kemikali hiyo. Bia ya nafaka iliyochachuka tu ina methanoli kidogo mno isiyodhuru. Bia pia ni mazingira mabaya kwa vijidudu vya maradhi: ina kilevi, ina ukali, ina hopsi, haina oksijeni. Wadoezi wataiharibu ladha, iwe siki au zizi la mbuzi, lakini huo ni msiba wa ulimi. Kunereka pombe kali ni jambo jingine kabisa: mvuke wake huwaka moto, na sheria za nchi nyingi hukataza kunereka nyumbani hata pale zinaporuhusu bia. Sheria ya bia nayo hutofautiana, kwa hiyo isome ya kwenu kabla ya kununua sufuria.

Chupani

Hatua hii ina hatari moja ya kweli, na sitaizunguka. Bia iliyomaliza kuchachuka haina mapovu. Ili iyapate, unatia sukari kidogo, unaifunga, na hamira iliyobaki huila na kuifungia gesi ndani. Kipimo ni gramu 6 hadi 7 kwa lita, yaani karibu gramu 28 kwa sufuria yetu, ikiwa imechemshwa kwenye maji kidogo na kupozwa. Ukizidisha, au ukifunga bia ambayo bado haijamaliza, chupa hugeuka bomu. Si tamathali ya usemi. Vipande vya kioo huingia ukutani. Ndiyo maana ya kupima mara mbili. Tumia chupa zilizotengenezwa kwa vinywaji vyenye gesi, zisizo na ufa, na sanduku la kuzihifadhi liwe na mfuniko.

Tia shira ya sukari kwenye chombo kilichotakaswa, kisha hamishia bia juu yake kwa mpira uliofika chini kabisa, bila kurusha matone. Oksijeni iliyokuwa rafiki siku ya kwanza sasa ni adui. Huleta ladha ya boksi lililolowana, na bia chache huzeeka upesi kuliko nyingi. Jaza, acha nafasi ya vidole viwili, funga. Chupa moja iwe ya plastiki ya soda: ukiibonyeza kila siku utajua gesi imefikia wapi bila kufungua hata moja. Ikishakuwa ngumu kama jiwe, na wiki mbili zimepita kwenye nyuzi 20 hivi, ziweke baridi.

Chupa ziwe za kahawia na zikae gizani. Mwanga huvunja uchungu wa hopsi na kuunda kiambata kinachonuka kama kicheche aliyeudhiwa, na kwenye chupa nyeupe juani hilo huweza kutokea kwa dakika chache tu. Aliyewahi kunywa bia iliyosahauliwa mezani nje mchana anaijua harufu hiyo, ingawa huenda alimlaumu mpishi.

Unapomimina, inamisha glasi, mimina kwa mkono mmoja usiotetereka, na usimamishe pale tope jembamba linapokaribia shingo. Ni hamira iliyolala. Haidhuru, ila huleta ukungu na ladha ya mkate. Andika ulichokipata: joto, namba, harufu, kilichokuudhi. Safari ijayo badilisha kitu kimoja tu, labda hopsi au nyuzi za kuloweka, ukiacha mengine kama yalivyo. Vinginevyo hutajua kilichofanya tofauti.

Na ule mtungi wenyewe usiuoshe upesi siku ya kufunga chupa. Chini yake mna mashapo ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, na humo mgeni wako amejizalisha mara kadhaa. Kama bia ilinukia vizuri, chota vijiko vichache kwa kijiko kilichotakaswa, weka kwenye kichupa kilichotakaswa, funika bila kukaza, ingiza kwenye friji. Ndani ya wiki mbili tatu, sufuria ya pili ikishapoa, hamira yake utakuwa nayo tayari.